Gari Jipya Halilelewi Uani

Tangazo kwa wananchi wote, wenye magari na wenye ndoto za magari! Naomba utulivu. Anayesema nanyi ni mtaalamu wa injini mpya, msomi wa shule ya bweni.

Gari sina. Baiskeli niliyokuwa nayo niliigongesha kwenye banda la kuku, na kuku hawajanisamehe mpaka leo. Lakini habari za injini mpya nazijua, kwa sababu nyumbani kwetu nusura tuiue moja kwa mapenzi.

Baba yangu ni seremala. Mama ni muuguzi katika zahanati iliyo ng'ambo ya milima. Basi la huko ni moja tu, na siku za kuharibika ni nyingi kuliko za kutembea. Kwa hiyo Mama alikuwa akija nyumbani mara moja kwa mwezi. Anafika amechoka, analala, anaamka, anaondoka. Ndipo Baba akanunua gari, ili Mama awe nasi kila mwisho wa wiki.

Gari likaja, jipya, linang'aa kama sufuria ya mgeni. Mdogo wangu wa kike aliibusu taa yake.

"Tunaenda kumchukua Mama?" akauliza.

"Pole pole, binti yangu," Baba akasema. "Injini mpya ni kama mtoto mchanga. Kwanza izoee."

Akaanza kuizoesha. Kila asubuhi aliliwasha gari uani, akaliacha lingurume palepale huku yeye akipiga randa mbao zake. Jioni alilizungusha mtaani kwa mwendo wa kinyonga, mwendo uleule tangu kutoka mpaka kurudi. Siku moja tulipitwa na mzee anayesukuma mkokoteni. Alitupungia mkono kwa huruma.

Wiki ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Mama akapiga simu.

"Vumilia, mke wangu," Baba akamwambia. "Injini bado inakomaa."

"Kwani umenunua gari au mkungu wa ndizi?" Mama akauliza.

Jumamosi moja asubuhi, jirani yetu alichoka na kelele. Jirani huyu ni mama anayeendesha lori, na mtaa mzima humwita Mama Gia. Sauti yake haihitaji honi.

"Fundi! Mbona gari linaunguruma kila siku na safari hatuioni?"

"Nailea injini," Baba akajibu kwa fahari.

"Hebu zima."

Baba akazima. Mama Gia akasubiri kidogo ili oili ishuke chini. Akafungua boneti, akachomoa kijiti cha kupimia, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena. Akakitazama, kisha akamtazama Baba.

"Oili imepungua. Imekwenda wapi, na gari halijakwenda popote?"

Baba akashika kichwa. "Nimeiua?"

"Hujaiua. Umeidekeza. Sasa niambie, fundi. Droo mpya inateleza vizuri siku ya kwanza?"

"Aa, inakwamakwama."

"Unaifanyaje?"

"Naivuta na kuisukuma, mara nyingi, bila nguvu nyingi. Mwisho inalainika."

"Ukiiacha tu unaitazama?"

"Haitalainika milele."

"Na ukiibamiza?"

"Itapasuka."

"Basi umejifundisha mwenyewe, na mimi nataka chai yangu."

Chai ikaja, na maelezo yakaja. Ndani ya injini, alisema, kuna pistoni zinazopanda na kushuka ndani ya silinda. Kila pistoni imevaa ringi, yaani pete za chuma. Ringi mpya lazima zikae sawasawa na ukuta wa silinda, na zinakaa hivyo injini ikifanya kazi. Gari likiunguruma limesimama, ringi hazisukumwi vya kutosha. Oili inapenya na kuungua.

"Sasa dawa yake?" Baba akauliza.

"Safari! Ukiwasha, usikae sana. Ondoka taratibu mpaka injini ipate joto. Kwa kilomita elfu moja za mwanzo, badilisha mwendo: ongeza, punguza, ongeza tena. Usikanyage mafuta mpaka chini. Kwenye kilima, ukisikia inalemewa, shusha gia. Usipakie mbao zako, wala usivute gari la mtu. Breki nazo ni mpya, zikanyage mapema, usizishtue. Pima oili mara kwa mara. Na kile kitabu cha gari kinasemaje?"

"Nimekifungia kabatini kisichafuke."

"Kisome, baba! Kila gari lina masharti yake, na oili ya kwanza ina wakati wake wa kumwagwa. Haya, unayo safari yenye milima na mabonde?"

Baba aligeuka. Mdogo wangu alikuwa ameshavaa viatu.

Tukaenda siku hiyohiyo, tukipanda na kushuka, mwendo ukibadilika kama wimbo. Baada ya safari kadhaa za namna hiyo, oili ikaacha kupungua. Siku hizi Mama yuko nyumbani kila mwisho wa wiki, anacheka, anatugombeza, na anaendesha gari vizuri kuliko Baba.

Hapa ndipo somo linapaswa kuishia. Lakini mdogo wangu ananichungulia begani. Anasema nisipoandika yaliyotokea getini pa zahanati siku ile ya kwanza, ataandika yeye.

Haya. Mama alitoka mbio na sare yake. Alimkumbatia Baba, akambeba mdogo wangu, akalipapasa gari. Kisha akaniona mimi.

"Na wewe? Shule ya bweni siku hizi mnalala makwenu?"

"Mama, injini mpya..."

"Sijauliza injini."

Baba aliinama kukagua gurudumu lisilo na tatizo lolote.

Basi nikasema. Nimesimamishwa masomo, Mama. Nilishika kipaza sauti cha shule nikatangaza, kwa sauti ya mwalimu mkuu, kwamba hesabu imefutwa nchini. Shule nzima ilishangilia. Na kila Baba aliponiuliza kama injini iko tayari kukufuata, mimi ndiye niliyekuwa nikimjibu: bado.