Zamu ya Mama Kupumzika

Kila asubuhi, kabla hajavaa sare za shule, Kidoti aliingia chumbani kwa bibi yake kumsaidia Mama. Kazi yake ilikuwa kumshika Bibi mabegani na kumgeuza taratibu upande wa ukutani, huku Mama akivuta shuka la jana na kutandika jingine. Bibi hakuwa mnene, lakini tangu apate kiharusi, upande wake wote wa kulia ulikuwa umelegea, na kumwinua kulihitaji nguvu za watu wawili.

"Mnanigeuza kama gunia," Bibi alilalamika. Maneno yake yalitoka kwa kujivuta, kama mtu anayeongea huku ana kitu mdomoni.

"Gunia halina maneno mengi namna hii," Mama alijibu, na wote watatu wakacheka.

Jina la Kidoti alipewa na huyo huyo Bibi, kwa sababu ya doa dogo jeusi lililokuwa shavuni mwake tangu kuzaliwa. Baba yake alikuwa dereva wa lori la masafa marefu. Alikuwa akifika nyumbani, akilala siku moja, mbili, kisha akiondoka tena. Kwa hiyo Bibi, ambaye ni mama yake Baba, alikuwa mikononi mwa Mama usiku na mchana. Mama alikuwa fundi cherehani. Cherehani yake ilikuwa sebuleni, karibu na mlango wa chumba cha Bibi, ili akishona aweze kumsikia akiita.

Na Bibi aliita. Aliita akitaka maji, akitaka kugeuzwa, akitaka dirisha lifunguliwe, kisha lifungwe. Usiku ndio aliita zaidi.

Siku za karibuni Kidoti alianza kumwona Mama akifanya mambo ya ajabu. Alitia chumvi kwenye chai na kuinywa bila kushtuka. Alishona mkono wa gauni la mteja nje ndani, akaufumua, akaushona vile vile tena. Mchana mmoja Kidoti alirudi kutoka shule akamkuta amelala ameketi, mguu ukiwa bado juu ya pedali ya cherehani.

Shangazi, dada yake Baba, alikuwa akiishi upande wa pili wa mji. Alipiga simu mara kwa mara, na kila mara alimaliza kwa kusema, "Wifi, mimi nina amani kabisa. Hakuna mtu wa nje anayeweza kumtunza mama kama unavyomtunza wewe." Mama alishukuru. Lakini baada ya kukata simu, aliitazama kana kwamba amekabidhiwa mzigo mwingine.

Nesi wa zahanati ya mtaa, ambaye wote walimwita Sista, alipita kila baada ya muda kumpima Bibi presha. Siku moja alipomaliza kukunja kipimo chake, alimgeukia Mama.

"Mgonjwa nimemwona. Na wewe unapumzika saa ngapi?"

"Nitapumzika, Sista. Kazi ikiisha."

"Kazi hii haiishi. Tunao majirani tuliowafundisha pale zahanati. Mmoja anaweza kuja mchana akakaa na Bibi, wewe ukalala au ukatembea kidogo. Nikuletee?"

"Asante sana, Sista. Hatujafika huko."

Sista alipoondoka, Kidoti aliuliza, "Mama, kwa nini umekataa?"

"Watu watasema nimemchoka mama wa mume wangu," Mama alijibu, akarudi kwenye cherehani yake.

Mambo yalikuwa hivyo mpaka Jumamosi moja ambayo Kidoti hataisahau. Hapakuwa na shule. Aliamka, akawasaidia kama kawaida, na akamwona Mama akimpa Bibi vidonge vyake vya presha na kikombe cha maji. Kisha Mama alikwenda jikoni kupika uji. Alipoleta uji, Bibi akala. Baada ya hapo Mama alifungua tena kopo la dawa, akamimina maji kwenye kikombe kingine.

Kidoti alisimama mlangoni na ndoo ya nguo mkononi. "Mama, si umeshampa?"

"Nani kampa? Na wewe usinichanganye!" Mama alifoka. Macho yake yalikuwa mekundu. "Nenda kaanike nguo."

Bibi alifungua mdomo, akameza. Alimwamini mkwewe kuliko alivyoiamini kumbukumbu yake mwenyewe. Kidoti alitaka kusema tena, lakini ile sauti ya Mama ilimfunga mdomo. Akatoka kuanika nguo, kisha akafua zilizobaki hadi jua likapanda.

Alipomaliza alisikia Mama akiita, "Mama! Mama, niangalie!" Alikimbia ndani. Bibi alikuwa ametoka jasho uso mzima, rangi imempotea. Macho yalifunguka nusu, yakajifumba. Hakujibu chochote.

Mama aligeuka kutafuta maji, na hapo akaviona: vikombe viwili juu ya stuli, vyote vitupu. Alivitazama kwa muda. Kisha akakaa sakafuni.

"Nimempa mara mbili," alinong'ona. "Mungu wangu, nimempa mara mbili." Alimshika Kidoti kifundo cha mkono, akakibana. "Kimbia ukamwite Sista. Mwambie Bibi amezidiwa. Basi. Habari ya dawa usiseme, umenisikia? Watasema nilitaka kumuua."

Kidoti alikimbia. Alipita nyuma ya karakana ya seremala, akaruka mtaro, akakatisha uwanja ambapo rafiki zake walikuwa wakicheza kamba. Walimwita, hakugeuka. Pale zahanati, Sista alipomwona tu, alichukua mkoba wake bila kuuliza mara mbili.

Njiani, huku wakienda mbio mbio, Sista aliuliza, "Ameanguka?"

"Hapana."

"Amekula?"

"Ndiyo, uji."

"Dawa amemeza kama kawaida?"

Kidoti alijifanya anahema sana, hawezi kuongea.

Walipofika, Sista alipima presha, akaipima tena. Uso wake ukabadilika. "Iko chini mno," alisema. "Dawa za asubuhi amemeza?"

"Amemeza," Mama alijibu, akitazama chini.

Sista alimulika macho ya Bibi kwa kurunzi ndogo, akauinua mkono wake wa kushoto na kuuachia. "Huenda ni kiharusi kingine. Kama ni hicho, itabidi tumpeleke hospitali kubwa, na ni safari ndefu."

Kidoti alimtazama Mama. Mama hakuinua macho. Akamtazama Bibi, ambaye midomo yake ilikuwa imekauka kama karatasi. Alijua kwamba akisema, atakuwa amemwasi mama yake mbele ya mtu mwingine. Alijua pia kwamba asiposema, Sista atatafuta ugonjwa mahali usipokuwepo.

"Amemeza mara mbili," alisema.

Mama alimgeukia kwa macho ya mtu aliyepigwa kofi. Lakini Sista hakupoteza hata dakika kumshangaa mtu. Aliiondoa mito chini ya kichwa cha Bibi, akaiweka chini ya miguu yake. Akatoa simu, akamweleza daktari wa zahanati kilichotokea na jina la dawa, kisha akaita gari la wagonjwa.

Huko zahanati, Bibi alilazwa na kutundikiwa dripu. Mama na Kidoti walikaa kwenye benchi la ukumbini. Kidoti alisogea karibu naye, na Mama akabaki vile vile, mikono mapajani, akitazama ukuta. Kidoti alitamani angalau amkaripie.

Jua lilipoanza kuinama, Sista alitoka wodini. "Amefungua macho. Presha inapanda vizuri. Ameniuliza nani amemweka kwenye kitanda kigumu hivi."

Mama alifunika uso kwa viganja. "Sista, kama ni polisi, waite tu. Sitakimbia."

"Polisi wa nini?" Sista alijivuta, akakaa katikati yao. "Nijibu swali moja. Ni lini mara ya mwisho ulilala hadi asubuhi bila kuamka?"

Mama alianza kuhesabu siku kwa vidole. Vidole vikaisha kabla hajaufikia usiku huo. Badala yake yalikuja machozi, mengi, ya mtu aliyeyazuia kwa muda mrefu.

Sista alimwacha alie. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mimi ni nesi, nimesoma kazi hii. Lakini zamu yangu ikiisha, mwenzangu anaingia, mimi nakwenda kulala. Nikikesha mfululizo, naogopa hata kushika sindano. Wewe zamu yako haijawahi kuisha. Hukufanya hivi kwa ubaya. Umefanya kwa uchovu, na uchovu unaweza kuua kama ubaya." Alimgusa Kidoti shavuni, pale penye doa. "Na huyu angenyamaza, leo tungekuwa njiani tukitibu ugonjwa ambao Bibi hana."

Mama alifuta macho kwa upindo wa kanga yake. "Mlete huyo jirani," alisema.

Jirani huyo aliitwa Bi Polepole. Jina lilikuwa la utani, maana alikuwa mwanamke mwembamba aliyetembea kasi hadi watu wakampisha njia. Alifika Jumanne mchana, siku chache baada ya Bibi kurudi nyumbani. Bibi alipomwona, aligeuza uso ukutani.

"Sitaki mgeni," alisema.

"Na mimi sijaja kwako," Bi Polepole alijibu. "Nimekuja kwa mkweo, anifundishe kazi." Akamgeukia Mama. "Mama Kidoti, nionyeshe unavyomwinua. Bega lipi linauma? Sikio lipi linasikia vizuri? Maji anayapenda ya baridi au ya vuguvugu?"

Mama alionyesha kila kitu, na kadiri alivyoonyesha, mabega yake mwenyewe yalishuka. Bi Polepole alirudia kila hatua mpaka Mama akaridhika. Dawa aliambiwa asiziguse. Hizo sasa Sista alizipanga katika kijisanduku chenye vyumba vya asubuhi na jioni, ili kila mtu aone kama chumba cha leo ni kitupu.

"Haya, nenda," Bi Polepole alisema.

Mama alitoka. Baada ya muda, Bi Polepole alipaza sauti kuelekea dirishani, "Mama Kidoti, kivuli chako nakiona!"

Mama alicheka kwa aibu, akaenda hadi mwisho wa mtaa, akarudi. Hakujua aende wapi. Mwisho aliingia chumba cha Kidoti, akajinyoosha kitandani. Kidoti alipotoka shule alimkuta hapo, amelala fofofo, kinywa wazi, viatu bado miguuni. Alimvua kimoja, akamvua cha pili. Mama hakutikisika.

Katika chumba cha pili kulikuwa na mazungumzo. Bibi alikuwa akisimulia jinsi alivyomfukuza mwizi wa kuku kwa mwiko, kisa ambacho nyumba nzima ilikuwa imeshakichoka. Lakini Bi Polepole hakuwahi kukisikia. "Akakimbilia wapi?" aliuliza. Bibi akaendelea, na ulimi wake siku hiyo ulikuwa mwepesi kuliko siku zote.

Shangazi alipopata habari, alipiga simu. "Wifi, kweli umemwachia mama mtu baki?"

Kidoti alikuwa karibu. Alidhani Mama ataomba radhi kama alivyozoea. Mama alivuta pumzi. "Wifi, nilimpa mama dawa mara mbili kwa sababu ya uchovu. Nusura tumpoteze. Nahitaji watu wa kunipokea, na wewe ukiwa mmoja wao nitafurahi."

"Hukuniambia kwamba umefika hapo," Shangazi alisema.

"Sikuwa nimejiambia hata mimi."

Jumapili iliyofuata Shangazi alikuja na mfuko wa nguo, akajifunga kanga kiunoni, akaingia chumbani kwa mama yake. Mama na Kidoti walikaa kwenye ngazi ya nje. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile, Mama aliligusa jambo lenyewe.

"Mwanangu, nilikwambia ufiche. Lile lilikuwa kosa langu kubwa kuliko la dawa. Dawa niliikosea nikiwa nimechoka, lakini kukuziba mdomo nilifanya kwa hofu ya maneno ya watu. Ukiniona nimekosea, sema, hata nikikufokea. Na mtu anayemtunza mgonjwa naye anahitaji kutunzwa. Nilidhani nikisema nimechoka, watu watasikia kwamba nimemchoka Bibi. Kumbe mtu anaweza kuchoka sana na bado akapenda vile vile."

Kidoti alichezea kamba ya kiatu chake. "Na mimi nikichoka?"

Mama alimgeukia, akamtazama kama mtu aliyeulizwa jambo ambalo alipaswa kuuliza yeye. "Utasema," alijibu polepole.

"Basi leo nimechoka. Kidogo."

Kutoka uwanjani zilisikika sauti za watoto wakihesabu miruko ya kamba. Mama alimvuta, akambusu kichwani, akamwachia.

"Nenda ukacheze," alisema. "Bibi ana mtu."