Kinyamazishi cha Gurudumu la Nyuma

Bawaba ya mlango ililia gizani, kisha kilio kikakatika katikati kama uzi. Kinyamazishi kilikuwa macho. Kifaa hicho, kisichozidi kisahani cha chai, kilining'inia ukutani juu ya kitanda cha Lusajo, mtoto wa miaka minne, kikisikiliza. Kila kiliposikia sauti ambayo kilifundishwa kuikataa, kilitoa wimbi lililo kinyume chake, na mawimbi mawili yakikutana yanafutana. Mbeya yote ililala hivyo siku hizi, kimya.

Alfajiri hiyo mama yake, Tusajigwe, alikibandua. Gari lilikihitaji zaidi.

Lilikuwa gari la zamani, lililohitaji mguu wa mtu kulisimamisha, na breki yake ya nyuma ilipiga mayowe kila kona. Nguzo za barabarani zenye masikio ya kunasa kelele zilikuwa zimeshalionya. Onyo moja tena na gari lingezuiwa kutembea, naye angemfikishaje mtoto shuleni kabla ya kazi? Pedi za breki za gari la namna hiyo hazikuuzwa tena madukani. Ilibidi zichapwe kwa mashine, jozi moja kwa mshahara wa mwezi.

Fundi Mwakipesile hakumficha. Alimwonyesha kibati kidogo kwenye pedi, akaeleza kuwa kimewekwa makusudi: pedi ikiisha, kinakwaruza chuma ili mwenye gari asikie.

"Hiyo siyo kelele, mama Lusajo. Gari linakusemesha."

"Basi liniambie mwisho wa mwezi, fundi," Tusajigwe akasema, na wote wawili wakacheka.

Alikibandika kinyamazishi chini ya kiti cha nyuma, juu ya gurudumu bovu. Breki ikanyamaza. Mwisho wa mwezi ukafika na viatu vya shule. Wa pili ukafika na homa ya mtoto. Hakuwa amepuuza. Gari lisilolia ni rahisi kulisahau.

Asubuhi moja ya ukungu walikuwa wakiteremka mlima kwenda shuleni. Utulivu ulikuwa mtamu hata akawa anapanga moyoni mapishi ya jioni. Mara kanyagio la breki likazama hadi sakafuni, na gari halikupunguza mwendo. Akashusha gia, akavuta breki ya mkono, akalielekeza gari kwenye ukingo wa udongo. Likajikita, likainama, likasimama.

Akageuka. Moshi ulikuwa umetanda nyuma. Lusajo alikuwa mzima ndani ya mikanda yake, machozi yakimtiririka, mdomo wazi, mishipa ya shingo imemsimama. Hakuna sauti iliyotoka.

Ndipo Tusajigwe alipokumbuka kuwa ni yeye mwenyewe aliyekifundisha kifaa kile kukikataa kilio hiki hiki, enzi za uchanga wa Lusajo, ili majirani walale. Akapenyeza mkono chini ya kiti, akaking'oa, akakitupa nje kwenye majani.

Sauti ya mtoto ikarudi, imekauka.

"Mama, nilikuita tangu kule juu."