Sentimita Ishirini za Uongo

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule nilikuwa na kazi moja niliyoichukia kuliko kusugua masufuria. Mama yangu ni mpiga picha wa michezo, na mtaa mzima unamwita Mama Picha. Vifaa vyake ni vikubwa na vizito: kamera mbili, lenzi nene kama chupa ya chai, taa, betri, chaja na stendi ya miguu mitatu. Vyote hivyo alivibeba kwenye begi la safari ambalo zipu yake ilikufa zamani. Mimi ndiye niliyevifunga kimoja kimoja kwa taulo visigongane, na nikikosea naambiwa nirudie.

Nisiwafiche, mimi ni mtu wa hasira. Nyumbani naitwa Pilipili. Nikiguswa kidogo tu nimeshawaka.

Siku moja ya likizo taulo liliteleza, lenzi ikagonga stendi na kupata mkwaruzo. Mama akaipangusa kwa kidole, akanitazama, akaitazama tena.

"Basi, yametosha," akasema. "Leo tunatafuta begi la maana."

Tuliingia maduka matatu. Duka la kwanza lilikuwa na mabegi membamba ya kupendeza, ya mtu mwenye kamera moja ndogo na safari moja kwa mwaka. La pili lilikuwa na begi pana lisilo na sponji hata kidogo, ukiliangusha umevunja kila kitu. Katika duka la tatu muuzaji aliapa kwamba begi lake linameza chochote. Mama akaweka kamera yenye lenzi. Zipu ikagoma katikati, na lenzi ikachungulia nje kama kichwa cha kobe.

"Mama, si upunguze vitu kidogo?" muuzaji akashauri.

"Nipunguze kazi nilifuate begi?" mama akamjibu, akatoka bila kuaga.

Ndipo tukaenda kwa mzee mmoja, fundi wa mabegi. Alikuwa na kibanda kidogo, cherehani moja na marobota ya turubai. Wateja walikuwa wamempangia foleni, na mama alitakiwa uwanjani baada ya nusu saa.

"Mimi sishoni kwa kukadiria," fundi alisema bila kuinua macho. "Nileteeni vipimo vya kila kifaa. Urefu, upana, kimo. Na kipimwe kama kinavyobebwa, si kama kinavyolala kabatini."

Jioni mama alirudi amechoka, akanipa futi na karatasi. "Pima wewe, hesabu unaziweza. Lenzi uipime ikiwa kwenye kamera, na ile pete ya kukinga jua iwe imevishwa mbele. Huwa naibeba hivyo hivyo. Nikianza kufunga lenzi uwanjani, mkimbiaji ameshafika na kunywa maji."

Nje wenzangu walikuwa wananiita tukacheze. Niliwasikia wakicheka, damu ikanichemka. Kwani mimi ndiye mpiga picha? Kila siku mimi, taulo mimi, futi mimi. Chini ya kitanda kulikuwa na maboksi ya vile vifaa, na kila boksi limeandikwa vipimo pembeni. Nikavinakili vyote kwa dakika tano. Lenzi: sentimita ishirini. Boksi halikujua habari za kamera wala za pete.

"Umepima yote?" mama akauliza nilipokuwa mlangoni.

"Nimepima."

"Kwa futi?"

"Kwa futi, mama."

Ijumaa mchana begi likawa tayari. Lilikuwa la turubai nene, lenye sponji kila upande na mikanda mipana ya mabegani. Fundi alikuwa hayupo tulipolichukua kwa msaidizi wa duka la jirani, kwa hiyo tulilijaribia nyumbani. Taa ikaingia, betri zikaingia, stendi ikakaa ubavuni. Lenzi haikuingia. Mama aliinamisha, akageuza, akajaribu upande wa pili. Chumba chake ndani ya begi kilikuwa kifupi mno, na kesho yake asubuhi kulikuwa na mashindano ya riadha.

Mama alilibeba begi lile hadi kibandani kwa mwendo wa askari. Nilimfuata nyuma. Fundi alikuwa amerudi, anaongea na mama mmoja wa shule ya chekechea ya mtaani kwetu aliyeleta kitambaa cha mabegi ya watoto.

"Fundi, hii ndiyo kazi gani?" mama akasema. "Umekata turubai kwa kukadiria ili uimalize haraka?"

Fundi akatoa karatasi yangu mfukoni. "Nimeshona nilichoandikiwa. Lenzi sentimita ishirini. Nimeongeza na mbili za nafasi."

"Usinifanye mtoto. Mwanangu amepima kwa mkono wake. Wewe umezoea kuwapiga watu chenga."

Fundi alinigeukia. "Binti, ulipima mwenyewe?"

Hapo ndipo ningesema. Mdomo ulikuwa wangu. Lakini watu walikuwa wanatutazama, nami nilikuwa na hasira naye kwa kuniuliza mbele yao.

"Nilipima," nikasema.

Hakubisha. Alikunja karatasi akairudisha mfukoni.  Yule mama wa chekechea alikusanya kitambaa chake taratibu, akasema atapita siku nyingine, akaondoka.

Nyumbani mama hakukaa hata kidogo. Alishika simu akarekodi ujumbe kwenye kundi la wapiga picha wenzake: msimpelekee kazi fundi yule, ni mwongo na mlipuaji wa kazi. Majibu yakaanza kuingia. Mmoja alishukuru kwa kuonywa. Mwingine alisema alikuwa amempelekea mikanda ya kamera zake, sasa anakwenda kuichukua. Simu iliendelea kulia mezani, na kila ilipolia nilimwona yule mzee na cherehani yake moja.

"Mama, sikupima," nikasema.

"Unasemaje?"

"Sikushika futi. Nilinakili kwenye maboksi. Nilikuwa na hasira."

Nilitegemea kofi. Mama aliweka simu chini polepole, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

"Nimemwita mtu mzima mwongo mbele ya wateja wake," alisema, "kumbe mwongo nimemzaa mimi. Vaa viatu."

Tulimkuta fundi bado kazini. Mama alitangulia kuomba radhi. Mimi nikafuata. Fundi alitusikiliza hadi mwisho.

"Nimewasikia," akasema. "Lakini msinitake nicheke. Miaka yote hii hakuna aliyewahi kuniita mwongo kibandani kwangu." Kisha akanisukumia begi na wembe mdogo. "Kesho mama yako ana kazi. Fumua."

Nilifumua mshono mmoja mmoja. Turubai nene halina huruma, vidole vilinichubuka. Fundi alimwambia mama aunganishe kila kitu kama anavyokibeba, akanipa futi, akasimama juu yangu.

"Soma."

"Thelathini na sita."

"Ulinipa ngapi?"

"Ishirini," nikasema.

Aliongeza kipande, akahamisha sponji, akashona upya. Jua lilikuwa halijazama lenzi ilipoingia na zipu kufunga bila kusukumwa. Mama alimlipa kazi ya mara ya pili, kisha akanipa simu. "Kundini wananisikia mimi tu. Sasa watakusikia wewe."

Nikasema mbele ya watu wazima wale wote kwamba mwongo ni mimi, fundi hana kosa. Mwenye mikanda akajibu kwamba ataiacha palepale.

"Vizuri," fundi akasema. "Lakini yule mama wa chekechea hayumo kwenye kundi lenu. Yeye nani atamwambia?"

 Usiku sikumaliza chakula changu.

Jumatatu, shule zilipofunguliwa, nilipitia chekechea peke yangu. Nilimwamkia yule mama, nikamweleza yote, nikiwa nimeinamisha kichwa. Alinikasirikia kweli. Aliniambia kwamba amehangaika siku nzima kutafuta fundi mwingine kwa ajili ya uongo wangu, na kwamba watoto wake wa miaka mitano wana adabu kunishinda.  Jumatano nilipopita kibandani, kitambaa chake kilikuwa mezani, nusu kimekatwa.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Kaa." Alisimamisha cherehani. "Leo naweza kusema nawe bila kukukaripia. Wewe una hasira, na mimi ninazo. Hasira si kosa. Ila siku ile ulizitumia kukwepa kazi ya robo saa, halafu ukanikabidhi mimi madhara yake. Mimi nikikata turubai, siwezi kuja kwenu kuchungulia kama kweli ulishika futi. Naiamini karatasi. Ukiandika uongo, mwanangu, wewe huumii. Anaumia aliyekuamini."

Akakanyaga cherehani, akaendelea kushona.