Maji ya Kwanza ya Gari la Marehemu

— Consolate! Iyo kitu unapuliza ni maji ao haiko maji? Sema mbele ya Mungu!

— Ni dawa ya gari, Mama Rosine. Soma kwenye chupa.

— Sina miwani.

— Basi uniamini.

Mama Rosine hakuamini. Tangu kaka yake, Papa Apollinaire, azikwe, mama huyu alikuwa amejiteua mwenyewe kuwa askari wa matanga, na askari wa namna hiyo halali wala hachoki. Aliichukua ile chupa, akanusa, akapiga chafya.

— Inanuka limau. Maji hainuke limau. Endelea.

Consolate akacheka kidogo, akarudi kwenye kazi yake.

Katika ukoo wa Papa Apollinaire kuna sheria moja ambayo hata padri aliizoea. Mtu akifa, kila alichokishika sana kwa mikono yake hakiguswi na maji mpaka siku ya kuanua matanga. Nguo zake zinakaa hivyo hivyo. Kiti chake pia, na gari kama analo. Siku hiyo ikifika, maji ya kwanza yanamwagwa mbele ya watu wote na bibi, yaani mke, wa mtoto wa kwanza wa marehemu. Akishamwaga, basi, ndiye mama wa nyumba. Hata kama mahari haijafika, hakuna wa kumwondoa.

Mtoto wa kwanza ni Djo, na Consolate ndiye mchumba wa Djo. Walikuwa wamekwisha tambulishana kwa wazazi, mahari ikabaki kungojea, maana ugonjwa wa mzee ulitangulia. Nani alimlisha mzee uji kwa kijiko? Consolate. Nani alimgeuza kitandani? Consolate. Mzee alikuwa akimwita mukwe wangu mbele ya wageni, na wageni wakamwita hivyo hivyo.

Sasa vumbi la mtaa huu wa Kataki wakati wa kiangazi, tusidanganyane, halijui matanga. Kila asubuhi gari lilikuwa limepakwa vumbi kuanzia paa mpaka sahani za namba, na wazee walitakiwa kubebwa humo kwenda misani. Consolate ndiye aliyepata njia. Alinunua sokoni ile dawa wanayoileta wachuuzi kutoka Kigoma, na vitambaa viwili laini. Kabla jua halijachoma bati, alipangusa kwanza na brashi ya manyoya, akapuliza dawa kidogo kwenye paa, akaiacha ilainishe vumbi, kisha akafuta kwa kwenda upande mmoja tu. Kitambaa kikichafuka alikigeuza upande safi. Kitambaa cha pili kilikuwa cha kung'arisha. Tope lililoganda ndani ya matao ya magurudumu hakuligusa kamwe, kwa sababu tope kavu linakwangua rangi. Alikuwa akiwaambia watu:

— Ile tope tunaiachia siku ya maji. Siku ile njo yangu, ndiyo yangu peke yangu.

Na siku yenyewe ilikuwa leo.

Alianza na paa. Kitambaa kikatoka karibu cheupe. Alishangaa, maana jana Djo alilichukua gari kwenda Niemba kumleta mjomba, akalala huko, akarudi alfajiri. Njia ya Niemba gani isiyo na vumbi? Akafuta mlango. Safi. Akainama kutazama tao la gurudumu la mbele.

Tope halikuwepo.

Akazunguka magurudumu yote manne. Hakuna tope hata kidogo. Akafungua mlango wa dereva, akapitisha kidole kwenye mfereji wa mpira. Kidole kikalowa. Chini ya sahani ya namba kulikuwa na povu la sabuni lililokauka.

Gari la marehemu lilikuwa limeoshwa kwa maji.

Consolate alikaa chini pale pale. Akampigia simu Djo, ambaye alikuwa amekwenda paruasi, kule kanisani, kuchukua viti.

— Allô, chérie.

— Djo, gari ilioshwa wapi?

— Gari gani? Haikuoshwa.

— Tope ya mu mapine iko wapi?

— Itakuwa ilianguka njiani. Ile barabara iko mubaya sana.

— Na sabuni nayo ilianguka njiani?

Djo akakohoa.

— Pengine mvua ilininyeshea kule.

— Mvua ya mwezi wa saba, Djo?

— Consolate, leo njo siku ya papa. Tafazali, tutaongea kesho.

— Ni nani aliyeosha?

Simu ikakatwa. Akiwa bado ameishika, ujumbe ukaingia.

"Sikumutuma. Nilikuwa nimelala. Niliamuka nikakuta amekwisha kuosha. Yeye hajue desturi ya kwetu. Tafazali usiseme kwa bantu, mutu asijue."

Wanaume wengine jamani! Anajitetea kuhusu maji, anasahau kwamba amejisema mwenyewe alikolala. Consolate akaandika:

"Jina lake?"

"Annie. Anakaa Lubuye."

"Tangu kitambo gani?"

Jibu lilichelewa. Lilipokuja lilikuwa fupi.

"Ako na mimba. Unisamehe."

Kumbe Niemba ilikuwa Lubuye, ng'ambo ya daraja, na mjomba alikuwa binti. Consolate hakulia. Alikunja vile vitambaa viwili, akaviweka juu ya boneti.

— Mwanangu.

Ilikuwa sauti ya Mama Marthe, mjane wa marehemu, mama yake Djo. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko na nguo zake nyeusi.

— Umeona?

Consolate akageuka.

— Mama, na weye uliona?

— Niliona alfajiri, wakati anaingiza gari. Nilipitisha mukono, nikajua.

— Na ukanyamaza?

— Nilinyamaza juu yako, nikulinde. Sikia, Consolate. Bantu hawajue. Rosine hana miwani. Saa ya maji ikifika, beba beseni yako, mwaga. Ukisha kumwaga, umekwisha kuwa bibi ya hapa. Ule mwingine atalia kwao.

— Ako na mimba, mama.

Mama Marthe akafumba macho. Hilo hakulijua. Akamshika Consolate mikono yote miwili.

— Hata vile. Mwaga. Miye sitaki mukwe mwingine. Nani alimufunga bwana wangu macho? Si weye? Nakuomba kwa magoti.

— Usipige magoti, mama. Utaniua.

— Basi uniahidi.

— Siwezi kuahidi. Lakini beseni nitabeba.

Nisiwafiche: Consolate alitaka kumwaga yale maji. Alimpenda Djo tangu siku walipokutana kwenye kwaya, alipomkuta anaimba sauti ya tatu vibaya bila aibu. Alipenda nyumba ile, alimpenda mama yule. Angenyamaza tu, angekuwa na vyote hivyo. Alikwenda kuoga, akavaa kitenge kipya, na muda wote alikuwa akijiambia kuwa mimba ya mtu mwingine ni jambo ambalo wanawake wengi wamelivumilia.

Saa sita uwanja ulikuwa umejaa. Kwaya iliimba, padri akaomba, wazee wakakaa kwenye viti vya paruasi. Mbele yao palikuwa na nguo za marehemu zilizokunjwa, kiti chake, na gari. Papa Jean-Marie, mdogo wa marehemu, akasimama.

— Bandugu, machozi yametosha. Mukwe wa nyumba alete maji!

Vigelegele vikapigwa. Consolate akatoka na beseni kichwani, akalishusha mikononi. Akamwagia nguo? Hapana. Gari ndilo lililoanza, maana ndilo mzee alilolipenda kuliko vyote. Akasimama mbele ya boneti. Djo alikuwa upande wa pili, kwenye suti nyeusi, macho chini.

Hapo mikono ya Consolate ikakataa. Alitazama gari, akamwona mzee alivyokuwa akikaa humo, dirisha wazi, akimpigia honi mtaani. Akajua hawezi kumdanganya marehemu peke yake. Kama ni uongo, basi wawe wawili. Kama Djo bado anamtaka, aseme neno moja tu, naye atasamehe yote hapo hapo, mimba na maji na Lubuye.

— Djo, akaita. Nimwage?

Watu wakacheka, wakidhani ni mchezo wa wachumba. Mama Rosine akapayuka:

— Unamuuliza nini? Mwaga, mutoto wangu, jua inatuchoma!

— Namuuliza yeye, mama. Djo, niangalie. Nimwage?

Djo akainua macho. Machozi yalikuwa yanamtoka. Kwa mbali Mama Marthe alikuwa akimtikisia kichwa, mwaga, sema amwage. Djo akafungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena.

— Usimwage.

Watu wakageukiana.

— Unasema nini? akauliza Papa Jean-Marie.

— Papa mudogo, maji ilikwisha kumwagwa. Leo alfajiri. Na mwanamuke mwingine. Ako na mimba yangu. Siwezi kudanganya papa juu ya vitu vyake.

Jamani! Djo yule aliyedanganya habari za mvua na za mjomba, ukweli wake wa kwanza mbele ya watu aliuchagulia saa hiyo, na ulimwangukia yule mmoja aliyekuwa tayari kumsamehe. Consolate hakuwa ameuliza ili asikie ukweli. Aliuliza ili asikie neno mwaga.

Akaliweka beseni chini polepole, maji yasimwagike hata tone.

Mama Rosine alikuwa wa kwanza kupata sauti.

— Basi desturi ni desturi. Aliyetangulia maji njo bibi. Aitwe! Aitwe sasa hivi, tusivunje matanga ya kaka yangu!

— Rosine, nyamaza! Mama Marthe akalia. Huyu njo alimuuguza kaka yako!

— Najua, Marthe. Unafikiri miye silie? Lakini miye sikutunga hii sheria.

Na kweli Mama Rosine alikuwa analia.

Wazee wakanong'onezana, kisha Papa Jean-Marie akamwambia Djo apige simu. Djo akapiga. Consolate akaingia jikoni kuchukua kifurushi chake, nguo mbili na kitabu cha nyimbo. Mama Marthe akamfuata, akamshika kiuno kwa nyuma.

— Usiende. Kaa kama binti yangu.

— Mama, nitakaaje nikimuona kila siku?

— Na miye nitabaki na nani?

— Utabaki na mujukuu.

Wakalia pamoja mpaka shingo zikalowa. Kisha Consolate akajitoa mikononi mwake, akapita nyuma ya nyumba ili asiwavuke watu, akatoka getini.

Motari, dereva wa pikipiki ya abiria, alikuwa anasimama hapo hapo. Kwenye kiti cha nyuma alikuwa binti mwembamba, kitenge cha kuazima, tumbo limeanza kuonekana. Alishuka kwa woga, akatazama ukuta, akatazama viatu vyake, mwisho akamtazama Consolate.

— Shikamoo, yaya, akasema, kama kwa dada mkubwa.

— Marahaba.

— Ni hapa kwa Papa Apollinaire? Baliniita haraka, sijue hata juu ya nini. Miye ni mugeni, kwetu ni Baraka. Naogopa.

Lafudhi yake ilikuwa ya kule juu, kaskazini, ya wauza ndagala, wale dagaa wa ziwani. Hakuwa na kiburi wala ujanja. Alikuwa ameona gari la bwana wake lina vumbi, akaliosha, basi. Consolate alikuwa ameandaa matusi kwa ajili yake tangu asubuhi. Alipoyatafuta hakuyaona.

— Ee, njo hapa kwa Papa Apollinaire, akasema. Ingia, bantu bako nakungojea. Watakupatia beseni ya maji, utamwaga kwenye gari. Usiogope.

— Aksanti, yaya. Binti akajaribu kutabasamu. Na weye ni nani wa hapa?

Consolate akakihamisha kifurushi toka mkono mmoja hadi mwingine.

— Miye? Miye nilikuja tu kusaidia matanga.