NILISHUKA MELINI NIKAKUTA KABURI LANGU MUNGAA

"Ukisogea hatua moja nakukata!"

Aliyesema hivyo ni mume wangu. Wa ndoa. Wa kanisani, tena na keki tulikata!

Panga mkononi, macho yamemtoka. Nyuma yake, pembeni ya zizi la mbuzi, kuna kaburi lenye msalaba mpya wa mbao.

Nikasoma jina kwenye msalaba.

WINFRIDA.

Jamani... Winfrida ni mimi!

Wewe unayesoma huku umeacha ugali jikoni, kazime moto kwanza. Hii ngoma ni nzito.

Nimezaliwa Kinampanda, kule Iramba, nikaolewa Mungaa, Singida hiyo hiyo. Wazazi wangu walishatangulia, sina kaka wala dada. Ukoo niliobaki nao ni huu wa mume.

Nilipata kazi kwenye meli ya kitalii. Kutandika vitanda na kukunja mataulo mpaka yafanane na bata. Usicheke, bata wale wamenunua mabati ya nyumba!

Ikaja corona. Abiria wakashushwa wote, sisi wafanyakazi tukabaki majini miezi. Kila bandari tukifika tunaambiwa hamshuki.

Mtandao wa melini ulikuwa wa kuvizia. Nikipata upenyo natuma ujumbe mmoja, kwa mtu mmoja... Ezekieli, mume wangu.

"Niko hai. Msalimie mama."

Mama ni mama mkwe. Hana simu, na ananipenda kuliko anavyompenda mwanawe. Kila habari yangu aliipata kupitia mdomo wa Ezekieli.

Ukumbukeni huo mdomo.

Hatimaye tukaruhusiwa kurudi makwetu, lakini kwa masharti, aisee! Ndege ya kukodiwa. Basi marufuku. Hoteli marufuku, hata usiku mmoja. Gari la kampuni linakutoa uwanja wa ndege mpaka mlangoni kwako.

Ukifika unajifungia siku kumi na nne. Hugusi mtu, huguswi. Na kila siku saa nne asubuhi nesi wa kampuni aliyeko Dar, dada Luciana, anakupigia kuuliza joto la mwili. Ukivunja sharti, kazi huna.

Mimi na kazi yangu? Nikasema nitayafuata yote, hata wakiniambia nisikohoe.

Dereva aliitwa Fabiano. Tulipita Dodoma, tukapita Manyoni, harufu ya mahindi ya kuchoma inaingia dirishani, na mimi siruhusiwi kushuka. Nilimeza mate mpaka Ikungi.

Sasa nimefika nyumbani nashuka na begi langu la magurudumu, na mume ananionyesha panga!

"Ezekieli, ni mimi!"

"Mzimu! Mzimu huo!" akapiga yowe.

Majirani wakajaa. Mama mkwe akatoka ndani, kajifunga kitambaa cheusi kichwani. Nilipomwona na kile kitambaa, roho iliniuma kuliko lile panga.

"Shikamoo mama," nikasema kutoka mbali.

Hakuitikia.

Kwetu shikamoo kwa mama mkwe haisemwi kwa mbali kama unamwita mbuzi. Unakwenda, unainama, unampa mikono miwili.

"Mwanangu alituambia umekufa huko majini," akasema. "Akasema kwa ajili ya ugonjwa huu, mwili wako wameutupa baharini. Tumezika kitenge chako."

"Mama, niko hai."

"Kama ni mtu, njoo unipe mkono."

Jamani... moyo ulitaka kukimbia! Lakini mama ana miaka yake, kifua chake kibovu tangu zamani, na mimi nimepita viwanja vya ndege viwili. Ningempa mkono halafu nimuue kweli?

"Mama, siwezi. Tumekatazwa kushikana mkono siku kumi na nne."

Watu wakaguna. "Mhhhh!"

Ezekieli akadakia hapo hapo:

"Mmesikia? Mzimu haushikiki!"

Loh! Wote wakarudi nyuma, mama naye akarudi nyuma.

Nikapandisha hasira. "Mzimu gani una begi la magurudumu? Mzimu gani umeletwa na gari la kampuni?"

Mmoja akamtazama Fabiano na barakoa yake, akasema huyo naye ni wa kuzimu. Masikini Fabiano!

"Dada," Fabiano akaninong'oneza, "twende nikurudishe. Hawa watakuumiza."

"Unirudishe wapi? Nimeambiwa nikae nyumbani. Nyumbani ni hapa!"

Kwenye ule ua kuna tembe la zamani, ile nyumba ya udongo tuliyoanzia maisha kabla ya ile ya mabati. Nikaburuza begi langu katikati ya umati. Walinipisha wenyewe, kama maji. Nikamwambia Fabiano aende zake, nikaingia, nikakomea mlango.

Ezekieli hakuthubutu kunifuata. Mbele ya watu alishasema mimi ni mzimu, angeingiaje?

Kuta za tembe ni nene, simu haikamati mpaka uinyooshe kwenye kidirisha. Nikanyoosha. Dada Luciana akapatikana.

"Umefika salama, Winfrida?"

"Nimefika, ila huku kumbe mimi ni marehemu. Hata kaburi langu nimeoneshwa."

Akacheka. Alidhani natania!

"Haya marehemu, joto lako?"

"Thelathini na sita na nusu."

"Vizuri. Kesho saa nne."

Nikakata simu. Nikakaa juu ya begi langu, nikalia. Ndiyo, nililia, sitaki kujifanya chuma hapa.

Nikiwa bado nafuta kamasi, spika za kanisani zikafunguliwa. Kanisa liko jirani, matangazo yake yanasikika mpaka kisimani.

"Tunawakumbusha wote... kesho ni ndoa ya ndugu yetu mgane, Ezekieli, na dada yetu Aneth wa Mandewa. Saa nne kamili. Mchungaji anatoka mjini."

MGANE!

Nikasimama. Kumbe ndiyo maana! Kanisani kwetu mwanaume haoi mke wa pili mke wa kwanza akiwa hai. Basi Ezekieli akatafuta njia fupi... akaniua kwa mdomo!

Nikakimbilia kidirishani kumpigia tena dada Luciana. Mkono na simu viko nje, natafuta mtandao...

Pwaa! Mkono ukadakwa!

"Leta hapa!"

Ezekieli! Alikuwa amejibanza ukutani. Kanikamata kifundo cha mkono, kanyonga, simu ikamwangukia kiganjani.

"Ezekieli, umenishika," nikamwambia.

"Sasa?"

"Mzimu haushikiki. Si ulisema mwenyewe?"

Akasogeza uso kidirishani. Hana hata haya.

"Winfrida, jana wewe ulikuwa umekufa na kesho utakuwa umekufa. Ukitoka humo uende kanisani, umevunja masharti ya wazungu wako. Kazi kwisha. Ukibaki humo, mimi naoa. Chagua."

"Nirudishie simu yangu!"

"Hii?" Akaigeuza geuza. "Hii itamfaa bibi harusi."

Akabonyeza kitufe cha pembeni, kioo kikawa cheusi, akaitia mfukoni. Ezekieli ni mtu wa kitochi, simu ndogo ya vitufe, tangu namjua. Kwake kioo kikiwa cheusi, simu imezimika.

Kwa nini nimfundishe?

Kesho yake kwaya zikaanza. Vigelegele vinapita nje ya ua wangu. Mimi ndani ya tembe, nimeshika komeo la mlango.

Nilitaka kutoka, nisiwadanganye! Niliwaza niende na barakoa yangu, nisimame mlangoni pa kanisa nipige kelele. Halafu nikamkumbuka mama na kifua chake, na wazee wote waliojaa mle. Kama nimebeba ugonjwa, nitakuwa nimezika nusu ya kijiji kwa ajili ya mwanaume mmoja asiyejua kuzima simu.

Sitoki! Nikasema kwa sauti, peke yangu: "Sitoki, na hataoa!"

Nitamzuiaje? Sikujua. Nilijua tu kwamba saa nne inakaribia.

Spikani mchungaji akaanza. Sauti yake kila neno linanifikia.

"Kama yupo mwenye kizuizi juu ya ndoa hii, aseme sasa, au anyamaze milele."

Kimya.

Nikapiga ukuta kwa ngumi. "Nipo mimi! Nipo huku!" Nani anisikie?

Halafu...

PAAAAAAAAAMMMMM!

Wadau, sikuwaambia kitu kimoja. Mlio wa simu yangu ni honi ya meli yetu. Niliirekodi siku tunatia nanga, na huwa naiweka mpaka mwisho.

Mungaa hakuna bahari. Watu wazima wengi pale hawajawahi kusikia meli hata kwa bahati mbaya. Sasa honi inalia kanisani, kutoka kwenye suti ya bwana harusi, ikipitia kipaza sauti!

PAAAAAAAAAMMMMM!

Nikasikia mabenchi yanaanguka. Kuna mama akapiga kelele, "Yesu anarudi!"

"Ni simu! Tulieni, ni simu!" mchungaji akawatuliza. "Bwana harusi, zima hiyo simu."

PAAAAAAAAAMMMMM!

"Lete hapa, wewe hujui." Akapokea mwenyewe, na kipaza sauti bado kiko mdomoni.

"Haloo? Hapa ni kanisani, mama, tuko kwenye ibada... Nani? ... Winfrida? ... Pole sana mama, Winfrida ni marehemu."

Mimi huku sikio liko kidirishani.

"Unasema? ... Uliongea naye JANA? ... Joto gani? ... Yuko wapi? ... Karantini HAPA MUNGAA?"

Kanisa zima likasema, "Heee!"

"Bwana afya? Ndiyo, bwana Deo yupo hapa, benchi la mbele... Haya mama."

Spika ikakatika, nikasikia miguu. Kijiji kizima kinakuja kwangu!

Wa kwanza kufika uani ni Deo, bwana afya wa kata, kashika simu yangu kwa leso.

"Simameni hapo! Mtu asisogee kwenye tembe!" Akageuka. "Ezekieli, hii simu umeitoa wapi?"

Ezekieli jasho linamtiririka, ua la harusi limening'inia kifuani.

"Ni... ni ya marehemu. Aliniachia."

Nikatoa uso kidirishani, barakoa juu. "Marehemu yupo, Deo. Marehemu anasikia njaa!"

"Ulimshika?" Deo akamuuliza.

Hapo sasa! Akisema hajanishika, simu imefikaje kwake? Akisema amenishika, basi mimi ni mtu, na alijua!

Akamtazama mama yake. Mama akamtazama yeye.

"Sema," mama akasema taratibu.

"Nilimshika mkono... jana."

"Ulikuwa wa moto au wa baridi?"

"Wa moto, mama."

"Kwa hiyo ulijua!" Mama akaketi chini kwenye vumbi na nguo zake za harusi. "Ulinitoa machozi miezi yote, ukanikalisha kwenye kaburi la kitenge, ukijua!"

Aneth akavua shela lake. Binti hata hakupiga kelele. Alikuja mpaka pale Deo alipomsimamisha.

"Dada, nisamehe. Mimi niliambiwa umekufa. Hata maua nimekuwekea."

"Nimeyaona mdogo wangu. Asante. Nenda kwenu, bado hujachelewa."

Akaondoka na ndugu zake, na sufuria za pilau wakaondoka nazo. Walifanya vizuri.

Ezekieli akataka kujichanganya na umati.

"Wewe unakwenda wapi?" Deo akamdaka kwa sauti. "Umemgusa mtu aliye karantini. Na wewe siku kumi na nne!"

"Nitakaa wapi? Nyumba analala mama!"

Mama mkwe akanyoosha kidole. Banda la kuku.

Nawaapia, watu walicheka mpaka mchungaji akageuka pembeni mabega yanamtikisika. Halafu akakumbuka kwamba na yeye ameshika ile simu, akaomba sabuni haraka haraka.

Siku kumi na nne mwanaume aliyenizika alikaa kwenye banda la kuku, tena kidirisha chake kinatazamana na kaburi langu. Jogoo akiwika, na yeye anaamka. Saa nne honi yangu ikilia, maana simu Deo alishanirudishia, nikimjibu dada Luciana "mzima kabisa!", namwona anaziba masikio.

Alijaribu kunibembeleza. "Winfrida, mke wangu..."

"Mkeo alikufa," nikamjibu. "Uliza kijiji kizima."

Siku ya kutoka, Deo alinipima, akasema uko huru. Nikafungua mlango.

Mama mkwe alikuwa amesimama uani tangu alfajiri. Kile kitambaa cheusi hakipo.

Nikaenda, nikainama, nikampa mikono miwili.

"Shikamoo mama."

Hakuiachia mikono yangu. Aliishika, akaigeuza, akaipapasa kidole kimoja kimoja.

"Marahaba mwanangu. Ya moto," akasema, akaangua kilio.

Nami nikalia. Tukalia mpaka kuku wakatushangaa.

Ezekieli? Alitoka bandani akakuta begi lake liko nje. Mama ndiye alilifunga. Akamwambia, "Nyumba hii imejengwa na huyu. Wewe ulijenga kaburi tu."

Kitenge changu nilikifukua, nikakifua, nikakipiga pasi. Jumapili nilikivaa kanisani, nikakaa benchi la mbele.

Lile kaburi sikulifukia. Nilipanda alizeti humo humo. Na msimu huo ilitoka alizeti, bana! Mafuta yake ndiyo niliyokaangia kuku wa kunisindikiza nilipoitwa tena melini.

Somo, dada yangu uliyeko mbali na kwenu: usipitishe habari zako zote kwenye mdomo mmoja. Mdomo huo ukikuchoka, utakuzika.

Na siku hizi mama mkwe ana simu yake. Nimemwekea honi ya meli.