Jina la Marehemu Likiitwa

Nyumba ilinuka rangi mbichi. Sasa niambie, nyumba ambayo fundi rangi wake amekufa, na makopo na brashi zake zimeshagawiwa wenzake wa kazi, inanuka rangi mbichi ya nini? Mjane alisimama mlangoni, mkoba begani, akavuta pumzi tena kuhakikisha. Ilikuwa ile ile, rangi ya mafuta na tapentaini, harufu aliyolala nayo ubavuni miaka yote ya ndoa yake. Akapitisha kiganja ukutani. Kukavu.

"Kibibi, nani kaingia humu?"

"Hakuna mtu, mama," alijibu binti yake kutoka chumbani, kisha akacheka. Hapo ndipo mama alipoingiwa na hofu, maana Kibibi hakuwa amecheka tangu siku ile baba yake alipoanguka kutoka kwenye jukwaa la mbao akiwa kazini.

Mjane alikuwa anatoka ofisi ya vizazi na vifo, alikokwenda kuomba cheti cha kifo cha mumewe. Alitaka kumhamisha Kibibi aende kusoma kwao, alelewe na bibi yake, na shule ilikuwa imeshasema: sahihi za wazazi wote wawili, au cheti. Sasa, ofisi ile ina mazoea yake. Karani haiti jina la aliyekuja kuomba. Anaita la marehemu, kwa kuwa ndilo lililoandikwa juu ya faili. Waliokwisha kuzungushwa pale wanajua la kufanya. Jina likiitwa, mwenye msiba wake hufumba mdomo, ananyoosha mkono na kusogea dirishani. Huyu alikuwa mgeni. Karani alipolitamka jina la mumewe lote, kwa sauti kubwa, kama anamwita mtu aliyetoka nje kuvuta sigara, mwanamke wa watu alikurupuka akasema, "Abee!"

Benchi zima likageuka kumtazama. Mama mmoja aliyeketi karibu naye akamvuta mkono wa gauni.

"We! Umeitika? Hapa haitikiwi, mwenzangu. Unamwitikia marehemu?"

"Nilipitiwa tu," mjane alisema, akacheka kwa aibu. Lakini hakupitiwa. Kwa kitambo kile kifupi aliamini mumewe anaitwa na yuko, na ilikuwa tamu, jamani, ilikuwa tamu mno. Karani akapokea maombi, akamwambia arudi wiki inayofuata.

Wiki hiyo haikuisha salama. Jua likianza kuinama, ngazi ilisikika ikiburutwa sakafuni, na nyumba haikuwa na ngazi tena. Kikafuata kikohozi cha mtu aliyevuta vumbi la kuta maisha yake yote. Kibibi alijifungia chumbani akizungumza kwa minong'ono, akanyamaza kungoja jibu, akazungumza tena. Chakula alikigusagusa tu. Mashavu yalimbonyea, viganja vikawa baridi hata mchana, na mama yake alipomkumbatia alisikia chini ya ile harufu ya rangi kuna nyingine, ya udongo uliofukuliwa karibuni.

"Unaongea na nani mle ndani, mwanangu?"

"Na baba."

"Baba yako amekufa, Kibibi."

"Mbona wewe uliitika?" mtoto aliuliza, na mama akarudi nyuma hatua moja, kwa sababu habari ya kuitika hakuwa amemsimulia mtu yeyote.

Siku ya kurudi ofisini alifika kabla milango haijafunguliwa. Karani alimtazama kwa jicho la mtu aliyechoshwa na utani.

"Mama, unatuchezea? Maombi yako yamesimamishwa. Mwenyewe alifika jana."

"Mwenyewe nani?"

"Mumeo. Kasimama hapo hapo uliposimama wewe, mikono imejaa rangi. Kasema yeye hajafa, jina lake liliitwa, ukaitika wewe mbele ya watu. Mtu yu hai nimpe mkewe cheti cha kifo? Nina watoto, mimi."

Mjane aliteremka ngazi za ofisi ile akilia kwa sauti, bila kujali nani anamwangalia. Yule mama wa benchi, naye alikuwa amerudi kufuata cheti chake, ndiye aliyemkimbilia akampeleka kwa mganga, mwanamke mfupi mwenye maneno machache, na mganga alipomsikiliza alitikisa kichwa.

"Hilo ni jini," alisema kwa sauti ya chini. "Linazurura pale ofisini, majina ya wafu yanaitwa kutwa, linasikiliza. Halina jina, na lisilo na jina halina pa kukaa. Wewe umelifungulia mlango, likaingia kwenye jina la mumeo. Sasa linamnywa mtoto taratibu. Ukichelewa, utaomba vyeti viwili."

"Nifanye nini? Niambie, nitafanya lolote!"

"Linyang'anye jina. Lete hicho cheti, usome kwa sauti ndani ya nyumba: nani, siku gani, amekufaje. Lakini usikitafute kwa jina, litakuwahi. Una karatasi ya kibali cha mazishi? Ina namba. Tafuta kwa namba."

Alirudi ofisini mbio, kibali kakishika kifuani, akamwangukia karani miguuni mbele ya foleni nzima. "Binti yangu anakufa, kaka. Nisaidie. Nina namba hapa, jina usilitaje." Karani alitazama huku na huku, labda kaona aibu, labda na yeye ile mikono yenye rangi ilikuwa haijamtoka akilini. Akachukua funguo, akampeleka stoo ya vitabu vya vifo.

"Harakisha," alimnong'oneza. "Mimi humu sikai."

Stoo ilikuwa na dirisha moja dogo na rafu zilizofika darini. Mjane alishusha vitabu kimoja kimoja, kidole kikiteremka kwenye safu ya namba, macho akiyazuia yasipande kwenye majina, na mwanzoni alisikia pumzi zake tu, halafu akasikia kikohozi upande wa pili wa rafu, akajisemea ni karani, ingawa karani alikuwa kabaki nje na mlango umerudishwa, halafu harufu ya rangi ikamjaa puani na ngazi ikaburutwa taratibu kutoka rafu moja hadi nyingine ikimfuata kila aliposogea, na ile sauti aliyoisubiri usiku kucha tangu mazishi ikamwita kwa upole, ikamwita vile alivyomwita walipokuwa wawili tu, ikamwambia asihangaike, arudi nyumbani wakapumzike, mtoto anawangoja, na yeye akang'ata ulimi mpaka damu ikamjaa mdomoni asije akaitika, kidole kikiendelea kuteremka, mpaka kikaikuta namba.

Karani aliandika cheti, akagonga muhuri, hakusema hata kwaheri.

Jua lilikuwa halijazama alipofika nyumbani. Mlango wa chumba cha Kibibi ulikuwa umefungwa. Mjane alisimama katikati ya sebule, akakunjua cheti, akaanza kusoma kwa sauti. Alisoma jina. Ngazi ikaanguka chumbani kwa kishindo. Alisoma siku. Kuta zikaanza kutoa jasho jeupe lililochuruzika hadi sakafuni.

"Mke wangu," sauti ilisema nyuma ya mlango, na ilikuwa yake kabisa, hata ule ukwaruzo wa kooni. "Unaniua mara ya pili? Mimi nimekukosea nini?"

"Nisamehe," mjane alilia, na hakujua anamwomba nani. Alimpenda mtu yule. Angempa mkono wake wa kulia ili aisikie tena sauti ile kesho. Akafuta machozi kwa bega, akasoma hadi mwisho: kuanguka kutoka juu, kuvunjika shingo, amekufa.

Harufu ikakatika. Kuta zilikuwa kavu, nyumba imetulia, na nje jirani alisikika akimkaripia mtu kuhusu maji. Mjane aliketi chini palepale, akashukuru huku analia.

"Mama," Kibibi alisema nyuma ya mlango, "mbona umemfukuza? Alikuwa analia."

"Hakuwa baba yako, mwanangu."

"Najua. Baba alikuwa hajui kusuka nywele. Huyu anajua."

Mama aliugeukia mlango.

"Ulikuwa hukai nyumbani, mama. Kila siku makaratasi, mara shule, mara ofisi. Yeye alikuwa anakaa na mimi." Mtoto alipumua kidogo. "Kaniambia sasa hana jina, hana pa kwenda. Usilie. Nimempa langu."

Mjane aliruka akaufungua mlango. Kibibi alikuwa ameketi kitandani, mdogo, mkavu, nywele zimesukwa mistari iliyonyooka hadi kisogoni, anamtazama mama yake machoni. Mama alifungua kinywa amwite. Akakifumba. Alikiziba kwa mikono yote miwili, akabaki amesimama hivyo, jina la mwanawe limemkaa kooni na hathubutu kulitoa, asijue ataitika nani.

Kibibi alikuwa amefumba midomo yake.

"Mama," ilisema sauti ya Kibibi kutoka juu ya kabati, "mbona huniiti?"