Nani Aliyerudisha Mkanda wa Zamani

Mkunga alikutwa amekufa nyuma ya usukani, gari lake limejibamiza kwenye ukingo wa zege chini ya mteremko. Askari wa usalama barabarani walikwisha sema ni ajali, hata kabla mwili haujaondolewa.

Inspekta alilizunguka gari, kisha akasimama mbele ya boneti. Alikuwa mwanamke wa maneno machache. Wenzake kituoni walimwita Kupe, maana aking'ang'ania jambo haachii. Mwenye kibanda kando ya barabara alimweleza kwamba alisikia injini ikikata ghafla, halafu gari likateremka kimyakimya kama mkokoteni uliomponyoka mwenyewe. Injini ikizima, usukani huwa mzito na breki huwa ngumu. Mteremko ulimaliza yaliyobaki.

Mkaguzi wa magari wa polisi alifungua kifuniko cha mbele cha injini, akauchomoa mkanda wa taimingi, ule unaozifanya sehemu za juu na za chini za injini zizunguke kwa pamoja. Ulikuwa umekatika. Mgongo wake uling'aa kwa uchakavu na meno yake yalikuwa na nyufa.

"Huu ulistahili kutolewa zamani," mkaguzi alisema. "Mkanda haupigi hodi. Ukingoja upige kelele, umechelewa."

Inspekta aliinama karibu na injini. Alikuwa akitazama beringi inayoukaza mkanda huo. Ilikuwa mpya. Pampu ya maji nayo ilikuwa mpya. Nani anabadilisha vyote hivyo halafu anaacha mkanda mkuukuu?

Mkuu wa kituo aliona ni ubahili wa fundi tu, akataka jalada lifungwe. Inspekta alisema atalifunga likishajaa, akaenda kumleta fundi aliyelitengeneza gari hilo.

"Ulimfungia mkanda gani?"

"Mpya."

"Tumekuta wa zamani."

"Basi kuna aliyeufungua baada yangu."

"Kwa nini nikuamini?"

Fundi alipangusa uso. Alieleza kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyemshauri mkunga abadilishe. Kilomita za kuubadilisha zilikuwa hazijatimia, lakini miaka ilikuwa imepita, na mpira huzeeka hata gari likiwa limeegeshwa. Kinachotangulia kati ya kilomita na miaka ndicho kinachofuatwa. Mkunga hakubisha, maana alikuwa na safari ya kumchukua mama yake. Ule wa zamani fundi alimkabidhi mkononi, kama anavyomfanyia kila mteja ili asije akaitwa mwizi. Mkunga akautupa kwenye buti ya gari.

Majibu ya maabara yalitoka siku iliyofuata. Nusu ya upana wa mkanda ilikuwa imechanika. Nusu nyingine ilikuwa imekatwa kwa kisu.

Sasa haikuwa ajali tena. Usiku wa kuamkia kifo chake, mkunga alilala kwa mama yake, na gari lilikuwa uani.

Inspekta alimkuta mama ameketi kati ya mabegi yaliyofungwa. Nyonga zilimzuia kusimama kumlaki mgeni. Alisimulia taratibu jinsi marehemu binti yake alivyokuja ili wakaishi pamoja karibu na hospitali. Alimsifu pia mwanawe wa mwisho, ambaye majirani wote walimwita Kitinda. Kitinda alinuna aliposikia habari ya kuhama, lakini alfajiri aliamka kulikagua gari la dada yake ili safari iwe salama.

"Alirudi mikono imejaa grisi," mama alisema. "Ana moyo, mwanangu huyu."

Inspekta alifunga daftari lake. Aliaga bila kuuliza zaidi.

Katika chumba cha mahojiano, Kitinda alipewa onyo la kisheria, akasema ameelewa. Aliwahi kufanya kazi gereji. Alikana kuligusa gari.

"Mama yako ameniambia uliligusa."

Kitinda alificha mikono chini ya meza.

"Mkanda mpya uko wapi?"

"Sijui."

"Dada yako alitangulia peke yake kwenda kujaza mafuta," Inspekta alisema. "Asingetangulia, mama angekuwa kwenye kiti cha pembeni yake. Ulilifikiria hilo?"

Kitinda aliinamisha kichwa hadi paji la uso likagusa meza. Alipoanza kusema, sauti ilitoka chini.

"Nilidhani utakatika palepale uani, akiwasha tu. Niliuchukua ule wa zamani ili waseme umechakaa. Nilitaka safari ife. Sikutaka dada afe."

"Kwa nini?"

"Mimi ndiye niliyebaki na mama. Nimemwogesha, nimemlisha, nimembeba hadi mlangoni aote jua. Sikuoa kwa ajili yake. Dada anakuja na gari, anafunga mabegi, anamchukua. Hakuna aliyeniuliza mimi nitabaki na nani."

"Ulimwambia dada yako hivyo?"

"Hapana."

Mkanda mpya, alisema, ulikuwa darini, juu ya kitanda cha mama. Koplo aliyekaa pembeni aliandika maelezo, Kitinda akatia sahihi. Alipoinuliwa, alishika ukingo wa meza.

"Afande, sasa mama atabaki na nani?"

Koplo alijitolea kwenda kumpa mama habari za mwanawe, lakini Inspekta alimkatalia. Alichukua funguo za gari, akaenda mwenyewe.